Sura ya Nne: Kosa la Leo Si la Jana

"Itachukua muda gani?"

Swali hilo husikika kila mwaka kwenye kaunta za vyuo vidogo vya kompyuta vya Wote, Kibwezi, Mwingi na mjini Kitui, hasa majuma yanayofuata kutangazwa kwa matokeo ya KCSE. Anayeuliza ni mzazi. Kijana alimaliza Kidato cha Nne Novemba, vyuo vikuu havimpokei hadi Agosti au Septemba, na hakuna anayetaka akae nyumbani miezi yote hiyo akichunga mbuzi kwa mkono mmoja na kubonyeza simu kwa mwingine. Jibu huwa limeshabandikwa ukutani kwa herufi kubwa: miezi mitatu.

Kwa mafunzo mengi yanayouzwa pale, jibu hilo ni la haki. Kwa kuandika programu halitoshi, na tatizo haliko kwenye hesabu ya miezi. Kijana anaweza kumaliza masomo yote ya miezi mitatu, akapata cheti chenye muhuri, na bado ashindwe kuandika mistari kumi inayofanya kazi. Mwingine anaweza kuwa nusu ya njia, hana cheti wala mwalimu, na awe amepiga hatua kubwa kumpita. Sura hii inaeleza jinsi ya kuwatofautisha, siku kwa siku.

Pakeji ni kitu kimoja, programu ni kitu kingine

Kinachofundishwa kwenye vyuo vingi vya mitaani huitwa pakeji: kuandika barua kwa Word, kupanga hesabu kwenye Excel, kutengeneza kadi ya harusi, kutuma baruapepe. Ni ujuzi wenye faida. Kijana wa saiba anayemsaidia mwalimu mstaafu kujaza fomu za kodi za KRA kwenye tovuti ya iTax anakula jasho lake kwa ujuzi huo huo. Lakini pakeji humfundisha mtu kutumia programu zilizotengenezwa na wengine.

Kuandika programu ni kutengeneza hizo programu zenyewe. Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine, bila kukisia ulikusudia nini. Maagizo hayo yakishaandikwa huitwa msimbo, na huandikwa kwa lugha maalum ya kompyuta. Lugha inayopendwa zaidi na wanaoanza ni Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Katika sura hii mifano yote ni ya Python, kwa sababu ni fupi na inasomeka hata na asiyeijua.

Ukiweka ndengu za Kitui ndani yake, programu ya kwanza yenye maana huonekana hivi:

    bei = 120
    kilo = 15
    print(bei * kilo)

Mstari wa kwanza unasema bei ya kilo ni shilingi 120. Wa pili unasema kuna kilo 15. Wa tatu unaiagiza kompyuta izidishe na kuonyesha jibu kwenye skrini: 1800. "Bei" na "kilo" ni vigeu, yaani majina yanayobeba thamani inayoweza kubadilika. Kesho bei ikiwa 95, unabadilisha mstari mmoja tu na hesabu inajirekebisha.

Pa kuanzia pako karibu kuliko inavyodhaniwa

Mtu wa Ukambani akisikia habari za kompyuta huelekeza macho Nairobi. Ukweli ni kwamba mji wenyewe wa teknolojia ambao serikali inaujenga uko Malili, ndani ya kaunti ya Makueni. Konza Technopolis imepangwa kwenye ekari 5,000 kando ya barabara ya Mombasa, na Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013. Hapo hapo ndipo Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipozinduliwa Agosti 2023, chuo ambacho masomo yake hufanyika kupitia mtandao. Upande wa Kitui, Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, maarufu kama SEKU, kilipata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013 na makao yake makuu yako Kwa Vonza.

Kaunti ya Makueni ina vituo vya habari vya jamii vyenye kompyuta na intaneti. Mpango wa serikali wa Ajira Digital una mafunzo kwa vijana. Hata shule zimeanza kuguswa: mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu wa kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari.

Yote hayo ni mema. Hata hivyo, kifaa ambacho kijana wa Ikutha au Kathonzweni anacho tayari ni simu, na simu inatosha kuanzia. Programu-tumizi kama Pydroid 3 huendesha Python ndani ya simu ya Android bila intaneti. Ukishaipakua, bando likiisha unaendelea.

Wiki ya kwanza: mabano, nukuu na herufi kubwa

Simu ina uchokozi wake, na anayeanza hukutana nao dakika ya kwanza.

Kibodi ya simu imezoeshwa kuandika ujumbe kwa watu, kwa hiyo hupenda kuanza kila mstari kwa herufi kubwa. Mwanafunzi anakusudia kuandika "print", simu inaandika "Print", na Python inakataa. Kwake hayo ni majina mawili tofauti kabisa. Skrini inaonyesha maandishi mekundu ambayo mstari wake wa mwisho huanza na neno NameError, maana yake jina hili silijui. Akinakili msimbo aliotumiwa na rafiki kwenye WhatsApp, huenda alama za nukuu zimegeuka zile za mapambo, zilizopinda. Hapo anapata SyntaxError, yaani sentensi yako haikujengwa sawasawa. Mabano na nukta mbili zimefichwa kwenye ukurasa wa pili wa kibodi. Nafasi nne zinazotakiwa mwanzoni mwa baadhi ya mistari ni rahisi kukosa kwenye skrini ya upana wa vidole vitatu.

Wengi huacha hapa. Wanasema Kiingereza cha kompyuta ni kigumu, lakini maneno maalum ya Python ni 35 tu, machache kuliko majina ya watu wa ukoo mmoja. (Anayetaka kuonja kwa Kiswahili, ipo lugha ya kompyuta iitwayo Nuru, iliyoundwa Afrika Mashariki, ambayo hutumia maneno kama "andika", "kama" na "wakati". Ni nzuri kwa kuelewa wazo. Ajira bado ziko kwa Python na wenzake.) Kinachowaangusha ni imani kwamba maandishi mekundu ni hukumu. Mwanafunzi aliyepita shule zetu amezoea kalamu nyekundu: ukiona wekundu, umefeli. Kwa mwandishi wa programu, maandishi hayo ni taarifa. Yanataja aina ya kosa na namba ya mstari lilipotokea. Tangu toleo la 3.10, lililotoka Oktoba 2021, Python hata hupendekeza: je, ulimaanisha "print"?

Kwa hiyo kipimo cha wiki ya kwanza hakipaswi kuwa idadi ya masomo yaliyosomwa. Kipimo ni hiki: maandishi mekundu yakitokea, je, mwanafunzi husoma mstari wa mwisho kabla ya kugusa chochote? Siku atakapofanya hivyo bila kukumbushwa, amepiga hatua ya kwanza ya kweli, hata kama programu yenyewe bado imekwama.

Siku skrini inapojaa 15

Baada ya wiki moja au mbili, makosa ya nukuu na mabano hupungua. Yanakuja mengine.

Mwanafunzi wetu sasa anataka programu yake iulize idadi ya kilo badala ya kuiandika ndani ya msimbo. Anajifunza amri ya kupokea maandishi kutoka kwa mtumiaji:

    bei = 120
    kilo = input("Una kilo ngapi? ")
    print(bei * kilo)

Anaiendesha, anaandika 15, anatarajia 1800. Skrini inajaa 151515151515, mstari baada ya mstari, tarakimu 240 kwa jumla.

Hakuna maandishi mekundu. Kompyuta haijalalamika kwa sababu, kwa upande wake, kila kitu ni sawa. Chochote kinachoandikwa na mtumiaji hupokelewa kama maandishi, si kama namba. "15" hapa ni herufi mbili zilizokaa pamoja, moja na tano, kama vile "AB". Ukiiambia Python izidishe maandishi mara 120, hurudia maandishi hayo mara 120, na imekutii.

Dawa ni neno moja, int, linalogeuza maandishi kuwa namba kamili:

    kilo = int(input("Una kilo ngapi? "))

Sasa inafanya kazi. Hadi mteja aje na kilo 15.5. Namba kamili haina nukta, kwa hiyo programu inakufa na ujumbe mwingine, ValueError: thamani hii haifai. Jioni hiyo mwanafunzi anajifunza float, neno la namba zenye desimali, na hatalisahau kwa urahisi, maana alilihitaji kabla ya kufundishwa.

Mtu anayetazama kwa mbali angesema kijana huyu amekwama kwenye mistari mitatu ya ndengu kwa siku tatu. Rafiki yake aliyetazama video kumi kwa siku hizo hizo angeonekana amesonga. Ukweli ni kinyume chake, na njia ya kuuona ni kulinganisha makosa yao.

Ngazi ya makosa

Makosa ya anayeanza hupanda ngazi, na karibu kila mtu huipanda kwa utaratibu huu:

1. Kompyuta haielewi sentensi. Bano limesahaulika, nafasi haipo, nukuu imepinda. Programu haianzi kabisa.
2. Kompyuta inaelewa sentensi lakini inakwama njiani. Jina halijulikani, maandishi yamepelekwa mahali pa namba, hesabu haiwezekani.
3. Programu inaanza, inamaliza, na kutoa jibu. Jibu si sahihi.
4. Jibu ni sahihi kwa takwimu za leo, na halitakuwa sahihi kwa takwimu za kesho.

Ngazi mbili za kwanza ni kelele. Kompyuta yenyewe inapiga yowe. Ya tatu na ya nne ni kimya. Hapo hakuna wa kukuambia, lazima ushuku mwenyewe. Wanawake wa Ukambani wanaosuka vyondo wanaijua hali hii: uzi mmoja ukihesabiwa vibaya kwenye mstari wa chini, chondo hakilalamiki, kusuka kunaendelea vizuri, na ni mistari kadhaa baadaye pambo linapoanza kwenda upande. Msusi hodari hakubali kuendelea juu ya kosa. Anafumua.

*Kwa ufupi:* anayeanza akitaka kujua kama amesonga, atazame kosa la leo na kosa la wiki mbili zilizopita. Likiwa ni lile lile, hajasonga, hata kama amemaliza sura tatu za kitabu. Likiwa ni jipya, na hasa likiwa la kimya zaidi, amesonga.

Tatizo la mvua

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Elliot Soloway na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa wanafunzi wa kompyuta zoezi lililoonekana dogo. Andika programu inayopokea vipimo vya mvua ya kila siku, kimoja kimoja. Mtu akiingiza 99999, hiyo ni ishara kwamba vipimo vimekwisha. Kipimo kikiwa chini ya sifuri kikataliwe, maana mvua hasi haipo. Mwishoni, toa wastani.

Wengi wa waliokuwa wamemaliza somo la utangulizi walishindwa. Zoezi likapata jina, Tatizo la Mvua, na watafiti wamelirudia kwa miongo kadhaa katika nchi mbalimbali. Jaribio jingine la mwaka 2001, lenye mazoezi tofauti na lililohusisha vyuo vikuu vya nchi kadhaa, liliwapima wanafunzi 216 waliokuwa wamesoma kozi za mwanzo za programu. Wastani wao ulikuwa takriban alama 23 kati ya 110. Mzazi aliyeambiwa miezi mitatu na aikumbuke namba hiyo.

Zoezi la Soloway lingeweza kutungwa Makueni. Huko mvua si mazungumzo ya kupitisha muda. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo Ukambani hutegemea zaidi kuliko ile ya Machi hadi Mei, na ndengu, zinazokomaa kwa miezi miwili hadi mitatu, hupandwa kwa kuihesabia siku. Makindu kuna kituo cha Idara ya Hali ya Hewa, na nchini Kenya mvua ya saa 24 husomwa saa tatu asubuhi. Kipimo ni milimita.

Tuseme hivi ni vipimo vya siku 14, vya kubuni lakini vyenye sura ambayo mkulima wa huko anaitambua:

    mvua = [0, 12, 0, 0, 31, 7, 0, 0, 0, 0, 0, 4, 0, 0]

Mabano ya mraba yanaunda orodha, yaani kigeu kimoja chenye thamani nyingi zilizopangwa. Ili kuzijumlisha, mwanafunzi anahitaji mzunguko. Mzunguko ni agizo la kurudia kazi ile ile kwa kila kilichomo kwenye orodha. Chama cha akina mama kinachochangia mwanachama mmoja kila mwezi, kisha wa pili, kisha wa tatu hadi wote wapate, kinaendesha mzunguko bila kompyuta.

    jumla = 0
    for siku in mvua:
        jumla = jumla + siku
    print(jumla / len(mvua))

Kwa maneno: anza na jumla ya sifuri, kwa kila siku kwenye orodha ya mvua, ongeza kipimo cha siku hiyo, mwishoni gawanya jumla kwa idadi ya siku. Jibu ni 54 gawanya kwa 14, yaani kama 3.86.

Sasa tazama linavyoweza kuharibika. Wanafunzi wengi, mara ya kwanza, huweka "jumla = 0" ndani ya mzunguko badala ya juu yake. Maana yake kila siku mpya inafuta hesabu ya siku zilizotangulia, na kinachobaki mwishoni ni kipimo cha siku ya 14 peke yake. Siku hiyo haikunyesha. Programu inatangaza kwa utulivu kwamba wastani ni 0.0, kana kwamba wiki mbili nzima hazikuona tone. Hakuna wekundu wowote kwenye skrini. Anayemwokoa mwanafunzi ni macho yake mwenyewe: anaona 31 kwenye orodha na kujua kwamba 0.0 haiwezekani.

Kosa la pili ni la anayefuata zoezi la Yale neno kwa neno. Anapokea vipimo, anajumlisha, kisha ndipo anauliza kama kilichoingia ni 99999. Amechelewa. Ishara ya kumaliza imeshajumlishwa pamoja na mvua, na kijiji kimepata milimita laki moja hivi.

La tatu hujificha zaidi. Vipi kama mtu anaandika 99999 mara moja, kabla ya kipimo chochote? Idadi ya siku ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuwezekani. Python inasimama na ZeroDivisionError. Mwanafunzi husema, nani atafanya hivyo? Jibu: karani atakayefungua programu kwa bahati mbaya na kutaka kuifunga. Watumiaji halisi hufanya kila kitu.

Kisha kuna swali ambalo si la kompyuta kabisa. Siku isiyonyesha huandikwa 0. Je, siku ambayo mtu wa kusoma kipimo alikuwa msibani, huandikwa nini? Akiandika 0, amedanganya, huenda ilinyesha. Akiiruka, wastani unabadilika, kwa sababu mgawanyo ni kwa siku chache zaidi. Na wastani wenyewe unamsaidia nani? Milimita 3.86 kwa siku hazikunyesha siku yoyote kati ya zile 14. Ukihesabu siku zilizonyesha tu, ambazo ni nne, wastani ni 13.5. Namba zote mbili ni sahihi. Mkulima wa ndengu huenda hahitaji hata moja kati yake.

Mwanafunzi anayefika kwenye maswali haya amevuka mahali ambapo wengi wa Yale walikwama. Na angalia: hajajifunza neno jipya la Python tangu alipojua orodha na mzunguko. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuunganisha vipande vichache anavyovijua, na kushuku.

Saa moja kwa siku, na stima ikipotea

Mwaka 2016 Alexander Kallaway, aliyekuwa anajifunza programu mwenyewe, alijiwekea sharti: kuandika msimbo angalau saa moja kila siku kwa siku 100, na kutangaza hadharani kila siku alichofanya. Changamoto hiyo, inayojulikana kama Siku 100 za Msimbo, imefuatwa na watu wengi duniani, Kenya ikiwamo.

Faida yake inaeleweka. Tangu mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio aliyojifanyia ya kukariri silabi zisizo na maana, inajulikana kwamba kusahau huwa kwa kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyosambazwa kwenye siku kadhaa hushika kuliko marudio mengi ya mkupuo. Saa moja kila jioni ina nguvu kuliko saa saba za Jumamosi saiba.

Lakini hesabu na ifanywe kwa uaminifu. Saa moja kwa siku 100 ni saa 100. Mafunzo ya uhandisi wa programu ya ALX, ambayo vijana wengi wa Kenya wameyapitia, yaliwataka washiriki kujitolea hadi saa 70 kwa wiki kwa miezi 12. Kwa mizani hiyo, siku 100 nzima za saa moja moja ni kama siku kumi za mwanafunzi wa ALX. Haina maana kwamba changamoto ni bure. Ina maana kwamba siku ya 100 ni mwisho wa utangulizi, na anayeahidiwa kazi ifikapo siku hiyo anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sharti la kila siku lina tatizo jingine Ukambani. Stima hupotea. Simu ni moja na mdogo wa mwanafunzi anaihitaji kwa kazi ya shule. Msimu wa kupalilia, mtu anarudi shambani jua limezama na mgongo hauinuki. Anayehesabu siku mfululizo akikosa mbili hujiona ameharibu kila kitu, na huacha siku ya tatu.

Daftari la kawaida la shule hutibu sehemu ya ugonjwa huo. Kila siku ya kazi, mistari mitatu kwa kalamu: nilijaribu nini, kompyuta ilisema nini, nilidhani kosa ni nini. Mstari wa tatu ndio wenye thamani kuliko yote, hata dhana ikiwa si sahihi, kwa sababu kesho inapimika. Siku isiyo na stima, mwanafunzi huchukua programu fupi na kuifuata kwa kidole kwenye karatasi, akiandika thamani ya kila kigeu baada ya kila mstari. Zoezi la "jumla" na mvua likifanywa hivyo mara moja, kosa la kuweka sifuri ndani ya mzunguko huonekana kwa macho. Walimu wa KCSE wa somo la Kompyuta wamelitumia zoezi la aina hii kwa miaka mingi.

Msaidizi aliye ndani ya simu

ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, Tatizo la Mvua likawa halimsumbui tena mtu yeyote mwenye bando. Ukiiomba, huandika jibu lote kwa sekunde, mara nyingi bila kosa. Inaulizika hata kwa Kiswahili.

Kumkataza mwanafunzi asiitumie ni kazi bure. Kinachomfaa ni kubadilisha ombi. "Niandikie programu" humwacha alipokuwa. "Nimepata ujumbe huu, unamaanisha nini, usinipe msimbo" humpa mwalimu ambaye Ikutha hayupo. Daftari hapa ni shahidi mzuri: likiwa na majibu mengi na hakuna dhana hata moja, aliyekuwa akijifunza ni mwingine.

Mtihani wa nyumbani

Mzazi asiyejua Python anaweza kupima maendeleo ya mwanawe bila kusoma msimbo wowote. Amwambie afungue programu aliyoiandika mwezi uliopita, kisha amwombe mabadiliko madogo. Kwa programu ya mvua, ombi zuri ni lile ambalo mkulima angeuliza: kati ya siku hizi, kipindi kirefu zaidi cha mfululizo bila mvua kilikuwa siku ngapi?

Ukihesabu kwa kidole kwenye orodha ya siku 14, utaona sifuri tano zimefuatana kabla ya ile 4. Jibu ni 5. Kuandika programu ya kulipata kunahitaji vigeu viwili, kimoja cha kuhesabu ukavu wa sasa na kingine cha kukumbuka ule mrefu kuliko wote, na sharti, yaani swali la kama-ndivyo-sivyo, ndani ya mzunguko. Aliyeanza mwezi uliopita atahitaji jioni nzima, pengine mbili.

Akileta programu inayosema 5, mzazi asimpongeze bado. Amwombe aongeze sifuri nyingine tano mwishoni mwa orodha. Sasa ukavu wa mwisho una siku saba na jibu linapaswa kuwa 7. Programu nyingi za wanaoanza zitaendelea kusema 5, kwa sababu zimeandikwa zilinganishe urefu wa ukavu pale tu mvua inaporudi, na kwenye orodha hii haijarudi.